Kiinua Mgongo Hakimwagilii Mchicha

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika jimbo la Haut-Katanga la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwezi wa Agosti ndio mwezi wa kushika jembe la bustani. Baridi ya Juni na Julai, ambayo katika mabonde huweza kufika kiasi cha kugandisha umande juu ya majani, inakuwa imekwisha. Jua linaanza kupata nguvu, mvua bado ziko mbali, na kila mwenye kipande cha ardhi karibu na maji hutengeneza matuta. Huo ndio mlango wa majira ya joto kwa nchi za kusini mwa ikweta, na mlima mboga anayechelewa kuuingia hulipia kuchelewa kwake sokoni.

Tumeona yafaa tuandike habari za bustani hizo katika ukurasa huu wa nchi jirani kwa sababu wengi wanaozilima hawakuzaliwa wakulima. Ni wafanyakazi wenzetu: mafundi, madereva, makarani na walinzi ambao kazi zao zilikwisha. Lubumbashi ni mji wa shaba, na maisha yake yalijengwa juu ya mshahara. Mshahara ulipokatika, jembe lilichukua nafasi yake. Lakini si kwa kila mtu, wala si kwa urahisi. Jambo hilo linatuhusu, maana barua za kupunguzwa kazini hazina mpaka wa nchi.

BABA ALIPOONDOKA

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Baada ya uhuru serikali iliitaifisha, na kuanzia mwaka 1967 migodi yake ikawa chini ya shirika la umma ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Gécamines. Mfanyakazi wa shirika hilo hakupata fedha peke yake. Alipata nyumba, hospitali, shule ya watoto, na unga wa mahindi wa kupikia bukari, kama wenzetu wa huko wanavyouita ugali. Ndiyo maana watu walizoea kuliita shirika hilo "baba".

Mwaka 1986 shirika lilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na baada ya hapo uzalishaji ukaendelea kuanguka. Ilipofika mwaka 2003 ulikuwa chini ya tani 20,000, na wafanyakazi walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi. Ndipo katika mwaka huo na ule wa 2004, kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari ya mtu asiyelipwa mshahara ni hiari ya namna yake. Walikabidhiwa fedha zao, wakaambiwa wajitegemee. Mwaka 2009 baadhi yao walifikisha malalamiko yao mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 2008 bei ya shaba iliposhuka ghafla, migodi mingi ya Katanga ilipunguza watu au ilifungwa kwa muda. Mwezi wa Novemba 2019 mgodi wa Mutanda, karibu na Kolwezi, ulisimamishwa wakati bei ya kobalti ilikuwa chini, ukaja kufunguliwa tena baadaye. Hali kadhalika, wafanyakazi wengi wa migodi hiyo huajiriwa kupitia makampuni ya kati, kwa mikataba mifupi. Kwa hiyo hawakosekani watu wapya wenye fedha kidogo mkononi, muda mwingi, na wazo la kulima mboga.

BUSTANI YA FAMILIA TATU

Tulitembelea bustani moja ya namna hiyo, katika bonde nje kidogo ya mji wa Lubumbashi, katikati ya mwezi wa Agosti. Ulikuwa ndio msimu wake wa kwanza. Familia tatu zilikuwa zimeungana: mzee aliyekuwa fundi mitambo, mjane wa mfanyakazi mwenzake wa zamani, na kijana ambaye mkataba wake wa udereva ulikwisha bila kuongezwa. Hatuwataji kwa majina, kwa kuwa karatasi za ardhi yao bado hazijakamilika na hawapendi maneno.

Eneo lao lilikuwa kama robo hekta. Hata hivyo walikuwa wamelima sehemu ndogo tu, matuta 24, kila tuta likiwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 1. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyasi. Tulimwuliza mzee kwa nini ardhi nzuri kiasi hicho imelala.

"Ndugu zangu," alisema, "Agosti ni mwongo. Sasa hivi hata mtoto anaweza kumwagilia. Njooni Oktoba mtuone."

MAJI YA OKTOBA

Ndani ya maneno hayo mna hesabu, na yafaa kila mwanachama anayefikiria bustani aifanye kwa kalamu kabla hajanunua hata mbegu moja.

Tuta moja la bustani ile lina mita za mraba 10. Mwezi wa Agosti, hewa ikiwa bado na ubaridi na mimea ikiwa midogo, lita 3 hivi za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku zinatosha. Hizo ni lita 30 kwa tuta, yaani keni 3 za lita 10. Matuta 24 yanataka keni 72. Mtu akibeba keni mbili kwa mkupuo, anakwenda safari 36. Kisima kikiwa umbali wa mita 15, safari moja, pamoja na kuteka, kumwaga na kurudi, huchukua kama dakika 3. Kazi yote inakwisha kwa saa moja na dakika 48. Ni kazi nyepesi, na mtu mwenye nguvu hujiuliza kwa nini asiongeze matuta mengine.

Sasa tutazame Oktoba, mwezi wenye joto kuliko yote katika nchi ile. Mimea imekua, jua ni kali, na mvua haijashika. Tuta lile lile linataka lita 5 kwa kila mita ya mraba, yaani keni 5. Matuta 24 yanataka keni 120, ambazo ni safari 60, ambazo ni saa 3 kila siku. Aliyelima matuta 48 kwa kudanganywa na Agosti anatakiwa aende safari 120 na kutumia saa 6 kwa kumwagilia tu, kabla hajapalilia wala kwenda sokoni. Hapo hatujahesabu kwamba maji ya kisima yameshuka na kamba imebidi iongezwe urefu. Tena hana Jumapili, hana likizo, wala hana malipo ya ziada.

Mjane yule alitueleza jinsi mtu anavyoshindwa. Hakuna anayekubali kuacha matuta kumi yafe ili kumi yapone. Kila mtu huyapa yote maji nusu. Maji nusu hulowesha udongo wa juu tu, mizizi hubaki juu, na jua la saa nane mchana huikausha. Bustani nzima hufa kwa pamoja katika wiki moja, na fedha zilizowekwa humo hufa nayo.

Wapo watakaosema kwamba mwenye kiinua mgongo atanunua pampu. Pampu huvuta maji, haiyaleti. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono hujaa polepole, na pampu inaweza kukimaliza kwa muda mfupi, kisha mtu akakaa kitako kusubiri hadi kesho. Kabla ya kununua pampu, kisima kikaushwe jioni moja ya mwezi wa Oktoba, halafu ipimwe asubuhi ni lita ngapi zimerudi. Kipimo hicho ndicho kitakachosema bustani iwe na matuta mangapi. Vivyo hivyo, anayetaka kuchimba kisima achimbe mwishoni mwa kiangazi maji yakiwa chini kabisa, kwa kuwa kisima chenye maji wakati huo kitakuwa nayo mwaka mzima. Na anayeonyeshwa bonde la kununua mwezi wa Machi, wakati kila mahali ni chepechepe, awaulize majirani maji yalikuwa wapi Oktoba iliyopita.

MATUTA MAWILI KILA WIKI

Familia zile hazikupanda matuta yote siku moja. Wiki ya kwanza ya Agosti walitengeneza kitalu cha nyanya chini ya kichanja cha nyasi, kwa kuwa mche wa nyanya hukaa kitaluni wiki 4 hivi. Ukihamishwa mwanzoni mwa Septemba, huanza kuchumwa baada ya siku 70 mpaka 80, yaani katikati ya Novemba. Huo ndio wakati mvua zinaposhika, na pamoja na mvua huja ugonjwa wa ukungu unaobabua majani na matunda. Aliyepanda Agosti huchuma vichala vya kwanza kabla ugonjwa haujaenea. Aliyepanda Oktoba huuguza nyanya changa ndani ya mvua.

Mchicha, ambao huko huitwa lengalenga, hausubiri kitalu. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo walizichanganya na mchanga mkavu ili zitawanyike sawasawa. Usiku wa Agosti una ubaridi na mbegu huweza kuchelewa siku chache kuchipua, lakini baada ya wiki 4 hivi mboga inafaa kuuzwa. Walipanda matuta 2, wiki iliyofuata matuta 2 mengine, na wakakusudia kuendelea hivyo. Kabichi ya Kichina nayo waliipanda kwa zamu. Vipande vya matembele walivichomeka sehemu ya chini karibu na maji, kwa kuwa havihitaji mbegu ya kununua na majani yake huanza kuchumwa baada ya wiki 5 au 6.

Faida ya zamu hizo tuliisikia tukiwa palepale. Mama mmoja mchuuzi, beseni kichwani, alisimama njiani akaita:

"Papa, lengalenga itatoka lini?"

"Wiki mbili, mama," mzee alijibu. "Njoo na beseni kubwa."

"Kubwa la nini, papa? Mimi nataka dogo, kila asubuhi. Mboga ikilala ni hasara yangu."

Hilo ndilo soko la mboga za majani. Mnunuzi wake ni mchuuzi mwenye mtaji mdogo ambaye lazima auze kabla ya jioni. Mkulima mgeni hupenda kujaza mchicha matuta kumi kwa siku moja. Yote hukomaa pamoja, humlazimu kubembeleza bei, na wiki mbili baadaye mchuuzi akija hana cha kumpa. Mchuuzi aliyekosa mboga mara mbili huhamia kwa mwingine.

Tuliona mambo mengine mawili ambayo hayagharimu fedha. Kwanza, matuta yalifunikwa nyasi kavu ili jua lisinyonye maji upesi. Pili, yaliachwa chini kidogo ya njia za kupitia ili yashike maji. Mvua zikija, matuta hayo hayo yatainuliwa juu, la sivyo mizizi itaoza. Sehemu ya chini kabisa ya bonde wataiacha mpaka maji ya masika yaondoke.

UDONGO NA KARATASI

Udongo mwekundu wa Katanga kwa sehemu kubwa una tindikali na rutuba haba. Lakini nchi ile ina vichuguu vikubwa kama nyumba, na udongo wa kichuguu una chokaa na rutuba kuliko ardhi inayokizunguka. Familia zile zilivunja kichuguu kimoja wakati wa baridi, zikauponda udongo wake na kuuchanganya na samadi ya kuku iliyokwisha kuoza. Kazi hiyo iliwachukua muda mrefu kuliko kupanda kwenyewe.

Hata hivyo katika nchi ya shaba si kila udongo ni wa chakula. Kwa miaka mingi moshi wa tanuri la Lubumbashi ulipeperushwa na upepo wa kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi, na upande huo ardhi ilishika shaba, kobalti, risasi na kadimiamu, hata mahali pengine miti ikatoweka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu waishio karibu na migodi na viwanda vya madini. Mboga za majani kwa kawaida hukusanya madini hayo kuliko mboga za matunda kama nyanya, na maji ya kuosha hayawezi kuondoa kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Kwa sababu hiyo familia zile ziliacha kiwanja cha bei nafuu kilichokuwa karibu na barabara, upande wa moshi, zikachagua kilicho mbali. Ipo pia mimea ya kienyeji inayopenda ardhi ya shaba, mmojawapo ukiitwa na wataalamu Haumaniastrum katangense. Mahali unapotanda wakati mimea mingine imekimbia, anayetafuta ardhi ya mboga aendelee na safari.

Tatizo lililobaki ni karatasi. Kwa sheria ya Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Dola, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Mji unapanuka, na bonde la mboga la leo huweza kugawanywa viwanja vya nyumba kesho. Mwenye kutia samadi na udongo wa kichuguu katika ardhi isiyo na karatasi anaweka akiba katika benki ya mtu mwingine. Hapo ndipo umoja wa familia tatu unaposaidia zaidi, kwa kuwa zinafuatilia ofisini kwa zamu bila bustani kukosa mtu wa kuimwagilia.

MAFUNZO KWETU

Ndugu wanachama, hatuandiki haya ili kumpamba mtu aliyepoteza kazi kwamba jembe litamtajirisha. Matuta 24 yaliyogawanywa kwa familia tatu ni riziki ya kusaidia, si mshahara kamili. Familia zile zinalijua hilo, na ndiyo maana kijana bado anatafuta kazi ya udereva huku akichota maji asubuhi.

Lakini yapo ya kujifunza, hasa kuhusu wakati. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kima cha chini cha kiinua mgongo kuwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, na haihesabu zaidi ya miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 10 au 25, kwa kima hicho anapata siku 70. Nyanya iliyopandwa kitaluni leo hufika sokoni baada ya siku 100 hivi. Maana yake ni kwamba mfanyakazi anayeishi kwa fedha hizo akingojea nyanya atakuwa amezimaliza mwezi mzima kabla ya kichala cha kwanza kuiva. Mchicha wa wiki 4 ndio utakaomvusha, na ndiyo sababu familia zile ziliutanguliza.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu ashauriane na chama si juu ya malipo tu, bali pia juu ya wakati wa kupunguza. Mara nyingi mezani tunabishania kiasi cha fedha na kuuacha wakati upite. Kwa mwanachama anayerudi Mbeya, Njombe au Iringa, ambako kuna msimu mmoja wa mvua kama Katanga, kupewa barua na fedha mwezi wa Julai si sawa na kupewa mwezi wa Oktoba. Wa kwanza ana nafasi ya kutafuta maji, kutengeneza udongo na kupanda kwa zamu. Wa pili anaanza kazi mgeni katika mwezi mgumu kuliko yote. Wenzetu wa pwani na kaskazini, wenye vuli na masika, nao wana hesabu yao, na matawi ya huko yanaijua. Kila tawi liiweke hesabu hiyo juu ya meza ya mazungumzo.

Mwisho, tawi lisimfute mwanachama katika daftari siku anapokabidhi kitambulisho cha kazi. Watu watatu waliofahamiana kazini wanaweza kuchimba kisima ambacho mmoja hawezi, na kulinda kiwanja ambacho mmoja atanyang'anywa. Tawi linaloweza kuwakutanisha watu hao kabla fedha hazijatumika litakuwa limefanya kazi ya chama, na halihitaji fedha kwa hilo. Linahitaji orodha ya majina, mkutano mmoja, na mtu wa kuuliza swali la kwanza: Oktoba maji yatatoka wapi?